Mlonge kwa mama mjamzito: majani ni mboga, mizizi ni hatari

Leo tunazungumza juu ya mti ambao wengi wetu tunao uani. Mti huo ni mlonge. Wengine huuita mronge, na wengine mzunze. Unaota vizuri katika udongo wa kichanga wa pwani yetu, na hata jua kali likiwaka majani yake hayaishi upesi.

Mlonge una sifa nyingi. Utasikia mtu anasema, "Mama mjamzito mpe mlonge, damu itajaa." Mwingine anasema, "Chemsha mizizi yake, uchungu utakuja mara moja." Maneno haya mawili yanatoka kwenye mti mmoja, lakini si sawa hata kidogo. La kwanza lina ukweli ndani yake, ingawa si wote. La pili linaweza kuua mama na mtoto. Kwa hiyo ni lazima tuyatenganishe.

Damu kupungua ni nini?

Ndani ya damu yetu kuna chembe nyekundu. Kazi yake ni kubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Ili mwili utengeneze chembe hizo, unahitaji madini ya chuma. Madini haya tunayapata katika chakula.

Mama akiwa na mimba, mwili wake hufanya kazi ya watu wawili. Mtoto tumboni anahitaji damu yake mwenyewe. Kondo la nyuma nalo linahitaji damu. Kwa hiyo mama anahitaji chuma kingi kuliko siku zote. Asipokipata, damu yake inakuwa nyepesi. Hali hiyo tunaiita upungufu wa damu. Wazee wetu wanaiita safura.

Dalili zake ni hizi: mama anachoka upesi hata kwa kazi ndogo. Anasikia kizunguzungu. Moyo unamwenda mbio. Viganja vyake, ulimi wake na ndani ya kope za macho vinakuwa vyeupe. Wengine hutamani sana kula udongo.

Tatizo hili si la watu wachache. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 42 walikuwa na upungufu wa damu. Hiyo ni karibu nusu.

Hatari yake kubwa huonekana siku ya kujifungua. Kila mama anayejifungua hutoka damu. Mama mwenye damu ya kutosha huvumilia. Lakini mama ambaye damu yake tayari ni kidogo, akitoka damu nyingi, anaweza kufa kabla ya kufikishwa hospitali. Mtoto naye anaweza kuzaliwa kabla ya wakati, au akiwa na uzito mdogo.

Kwa nini damu hupungua huku kwetu?

Sababu ya kwanza ni chakula. Mtu akila ugali wa muhogo kwa mchuzi mwepesi, asubuhi na jioni, tumbo linajaa lakini chuma ni kidogo.

Sababu ya pili ni malaria. Vijidudu vya malaria huvunja chembe za damu. Katika uchunguzi ule ule wa mwaka 2022, watoto 20 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano hapa Mtwara walikutwa na malaria. Kwa nchi nzima walikuwa watoto 8 tu kati ya 100. Basi mkoa wetu una malaria nyingi. Kwa mama mjamzito, vijidudu hivi hujificha ndani ya kondo la nyuma. Anaweza asisikie homa, kumbe mtoto anakosa chakula na mama anapungukiwa damu.

Sababu ya tatu ni minyoo ya safura. Minyoo hii huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu, mtu akitembea pekupeku kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Ikifika tumboni inanyonya damu kidogo kidogo kila siku.

Sababu ya nne ni kuzaa kwa karibu karibu. Mwili wa mama haujapata nafasi ya kurudisha damu, mimba nyingine imeshaingia.

Mlonge unasaidia wapi?

Majani ya mlonge ni mboga nzuri kweli. Yana chuma, yana protini ya kujenga mwili, yana vitamini A ya kulinda macho, na yana madini ya mifupa. Asili ya mti huu ni kaskazini ya Bara Hindi, chini ya milima ya Himalaya. Wahindi hupika majani yake, na maganda yake machanga huyatia kwenye mchuzi. Hivyo kula mlonge si jambo la ajabu, wala si la jana.

Lakini tusidanganyane. Siku hizi unga wa mlonge unauzwa sokoni na kwenye stendi za mabasi, na wauzaji wanasema una chuma mara nyingi kuliko mchicha. Mbona wanasema hivyo? Ni kwa sababu wanalinganisha unga mkavu wa mlonge na mchicha mbichi wenye maji. Ni sawa na kulinganisha kilo ya dagaa wakavu na kilo ya samaki mbichi. Dagaa wakavu lazima washinde, maana maji yameshatoka.

Tufanye hesabu wenyewe. Chuma cha chakula hupimwa kwa miligramu. Miligramu 1,000 ni gramu moja. Mama mjamzito anahitaji kama miligramu 27 za chuma kila siku.

Majani mabichi ya mlonge, gramu 100, yana kama miligramu 4 za chuma. Unga mkavu, gramu 100, una kama miligramu 25. Lakini nani anakula gramu 100 za unga? Kijiko kimoja cha chai kina gramu 2 au 3 tu. Ndani yake chuma hakifiki hata miligramu moja. Tena chuma cha majani hakiingii chote mwilini. Sehemu kubwa hupita na kutoka.

Sasa tazameni vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku, pamoja na foliki asidi, ambayo ni vitamini inayosaidia kutengeneza damu na kumkinga mtoto asizaliwe na kasoro ya uti wa mgongo. Kidonge kimoja kinashinda vijiko vingi vya unga wa mlonge.

Je, hesabu hii inasema tuache mlonge? Hapana. Haba na haba hujaza kibaba. Inasema mlonge ni mboga ya kumsaidia mama, wala si badala ya kidonge. Ale mboga, na ameze kidonge.

Namna ya kupika

Chuma majani machanga na uyatenge na vijiti. Yaoshe kwa maji safi. Yapike muda mfupi, mpaka yalainike tu. Usimwage maji yake, maana vitamini nyingi zimo humo. Tia tui la nazi, au karanga zilizotwangwa, au ufuta. Mafuta yanausaidia mwili kupokea vitamini A.

Ukiweka dagaa, samaki au nyama kidogo ndani ya mboga hiyo, umefanya jambo la maana zaidi. Chuma cha samaki na nyama huingia mwilini kwa urahisi, na huvuta chuma cha majani kiingie nacho. Sisi wa Msimbati, Msangamkuu na Mikindani tuna bahari mlangoni. Wenzetu wa Mahurunga, Kitaya na Kilambo wana samaki wa mto Ruvuma. Mama mjamzito asiachiwe mchuzi na kichwa cha samaki, huku minofu ikienda kwa baba.

Jambo jingine ni matunda. Vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Kamua ndimu juu ya mboga, au kula embe, pera au chungwa baada ya chakula. Na hapa kwetu tuna tunda ambalo wengi hulitupa chini ya mti wakiokota mbegu tu: bibo la mkorosho. Bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Msimu wa korosho ukifika, mama mjamzito ale mabibo yaliyooshwa. Tunasema tunda lenyewe, sio pombe yake.

Chai tuiweke mbali na chakula. Majani ya chai hukishika chuma kisiingie mwilini. Subiri kama saa moja baada ya kula ndipo unywe chai.

Udongo nao tuuache. Kuna akina mama wanaokula udongo wa kichuguu au ule unaouzwa sokoni. Wanautamani kwa sababu damu imepungua, lakini udongo hauiongezi. Unazuia chuma, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Ukiona unautamani sana, nenda ukapimwe damu.

Tena kuna mwiko wa mayai. Eti mjamzito akila yai, mtoto atazaliwa hana nywele. Si kweli. Yai lililoiva vizuri ni chakula bora kwa mama na kwa mtoto.

Mizizi na magome tusiyaguse

Sasa tunafika kwenye jambo zito. Mti mmoja unaweza kuwa na chakula upande mmoja na sumu upande mwingine. Muhogo ni shahidi wetu. Tunakula mizizi yake, lakini muhogo mchungu usipoloweka na kuukausha vizuri, unaua.

Mlonge nao uko hivyo. Mizizi yake na magome yake yana kemikali kali ambazo hazimo kwa wingi huo kwenye mboga. Wataalamu waliwapa panya wenye mimba dawa iliyotolewa katika mizizi na magome ya mlonge, na mimba zikaharibika. Hata majani, yalipokamuliwa na kuwa dawa kali, yaliwadhuru panya hao. Ndiyo maana tunasema: majani yaliwe kama mboga ya kawaida, kwa kiasi cha mboga. Yasichemshwe yakawa dawa nzito ya kunywa vikombe. Vidonge na matone ya mlonge yanayouzwa mitaani mjamzito asiyatumie kabla ya kumuuliza mkunga wa kliniki.

Mama anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu aseme kliniki kama anakula mlonge kila siku. Mlonge unaweza kushusha sukari na shinikizo. Ukichanganyika na dawa, vinaweza kushuka kupita kiasi.

Na mwarobaini je? Watu wengi wanaunywa kwa homa. Kwa mjamzito haufai, kwa sababu unaweza kuharibu mimba. Homa ya mjamzito inapimwa zahanati siku hiyo hiyo.

Dawa za kuharakisha uchungu

Baadhi ya familia humpa mama dawa ya miti shamba ili azae upesi. Nia yao ni njema. Safari ya hospitali ni ndefu, mvua imeharibu njia, au maji ya Ruvuma yamefurika. Kila mtu anataka mambo yaishe salama.

Lakini tuangalie dawa hiyo inafanya nini. Inaukaza mfuko wa uzazi. Kwa kawaida mfuko hujikaza, halafu hulegea. Unapolegea, ndipo mtoto anapata hewa. Dawa ikiwa kali, mfuko hujikaza bila kupumzika. Mtoto anakosa hewa na anaweza kufa tumboni. Mfuko wenyewe unaweza kupasuka, na mama akatoka damu kwa ndani bila mtu kuona. Aliyewahi kuzaa kwa upasuaji, au aliyezaa mara nyingi, yuko katika hatari kubwa zaidi.

Mtu atauliza, "Mbona hospitali nao wanatia dawa ya uchungu kwenye dripu?" Ni kweli. Lakini wao wanajua kipimo chake. Wanahesabu matone, wanasikiliza moyo wa mtoto, na mambo yakienda vibaya wanafunga dripu. Dawa ya mzizi haina kipimo. Mzizi wa mti mzee si sawa na wa mti mchanga, na wa masika si sawa na wa kiangazi. Tena ikishanywewa, hakuna wa kuifunga.

Hatusemi miti shamba yote ni mibaya

Tusije tukaeleweka vibaya. Kwinini, dawa ya malaria tuliyoitumia miaka mingi, ilitoka katika gome la mti. Dawa mseto ya malaria tunayomeza leo chanzo chake ni jani la Kichina. Lakini zote mbili zilichunguzwa kwanza, zikapimwa, zikajulikana kiasi cha kumponya mtu na kiasi cha kumdhuru.

Nchi yetu nayo haikudharau dawa za wazee. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha kuchunguza dawa za asili pale Muhimbili, Dar es Salaam, ambacho baadaye kikawa taasisi. Mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na waganga wa jadi wakatakiwa kusajiliwa.

Bibi zetu na makungwi wanajua mengi, na akina mama wanawaamini. Kwa hiyo bibi ana kazi kubwa. Ndiye anayeweza kumwambia mkwe wake, "Mwanangu, mboga ya mlonge kula, lakini mzizi hapana. Twende kliniki, nakusindikiza." Neno hilo likitoka kwa bibi lina nguvu kuliko karatasi yetu hii.

Kliniki anapata nini?

Mama aende kliniki mapema, kabla mimba haijafika miezi mitatu. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio yasiyopungua manane. Huko atapimwa damu, mkojo na shinikizo la damu. Atapewa vidonge vya kuongeza damu. Mimba ikipita miezi mitatu atapewa dawa ya minyoo, na atameza dawa ya SP ya kuzuia malaria, angalau mara tatu, kwa kupishana mwezi mmoja au zaidi. Atapata chandarua chenye dawa na chanjo ya pepopunda.

Vidonge vya damu wakati mwingine hukoroga tumbo, na choo kinakuwa cheusi. Wengine huogopa wakavitupa. Choo cheusi hakina ubaya. Tumbo likisumbua, meza kidonge usiku baada ya kula.

Na jambo moja tunalisisitiza: mwambieni mkunga kila dawa ya miti mliyokunywa. Msifiche. Akijua, ataweza kuwasaidia. Wahudumu nao wasimfokee mama anayesema kweli, maana akifokewa leo, kesho atanyamaza.

Mama akiona moja ya dalili hizi, apelekwe zahanati au hospitali mara moja, asisubiri kuche: kutoka damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya uchungu, au mtoto kuacha kucheza tumboni. Pangeni usafiri mapema, na wekeni akiba ya nauli. Muulizeni mhudumu wa zahanati yenu jinsi ya kuita gari la dharura la m-mama kwa simu namba 115.

Panda mlonge wako

Mlonge ni rahisi kupanda. Panda mbegu kina cha sentimita 2, au chomeka kipande cha tawi gumu chenye urefu wa mkono. Usipande mahali maji yanapotuama, utaoza. Ukifika kimo cha mita moja, kata ncha yake ili utoe matawi mengi na majani yasiende juu sana.

Ukitaka kuweka akiba, anika majani kivulini, juu ya mkeka safi. Jua kali huua vitamini A. Yakikauka, twanga, chekecha, na weka unga katika kopo kavu lenye mfuniko. Nyunyiza kijiko kwenye mboga au uji uliokwisha kuiva.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa chini ya mwembe, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kupanda mboga. Nasi tufanye hivyo. Tusome, tujadili, halafu tutende.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni sehemu gani ya mlonge inafaa kuliwa na mama mjamzito? Ni sehemu zipi hazifai?
2. Kwa nini unga wa mlonge hauwezi kuchukua nafasi ya vidonge vya damu?
3. Katika kijiji chetu, mama mjamzito anakatazwa vyakula gani? Je, makatazo hayo yanamsaidia au yanamdhuru?
4. Dawa ya kuharakisha uchungu inamdhuru mtoto kwa njia gani?
5. Uchungu ukimwanza mama usiku, na njia imeharibika kwa mvua, kijiji chetu kimejiandaa vipi?